Kata ya Kwanza ya Barafu

Msije mkadhani namsengenya wifi yangu. Kama kuna wa kusengenywa hapa ni mimi, na nitajisema mwenyewe kabla hamjaanza nyinyi, maana watu wa Palma nawajua, mkipewa uzi mnashona kanzu.

Naitwa Sumaia. Wifi yangu ni Zainabo, mjane wa kaka yangu Hassane, Mungu amrehemu, na ndiye mpika barafu wa chama cha wavuvi. Ndugu zetu wa Mtwara wakivuka mpaka pale Namoto kuja huku kwetu Msumbiji na kutusikia tunasema "mpika barafu" hucheka mpaka wakashika mbavu. Eti barafu haipikwi. Waje basi wamwone Zainabo siku kumi kabla ya msimu wa nguru, jasho linamtiririka, kanga mbili kazifunga kiunoni, uso mweusi kwa moshi wa jenereta, ndipo waseme kama inapikwa au haipikwi.

Alizaliwa Olumbi, kwa watu wa mihogo na korosho, na alipoolewa akaletwa hapa hakuwa amewahi kushika barafu hata kipande. Mashine ya barafu ililetwa na watu wa mradi fulani, zamani kidogo, kabla gesi haijatajwa na mtu. Chama kikamchagua Hassane ajifunze kuiendesha, kwa kuwa alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na alijua Kireno cha kusalimia na cha kugombana. Lakini kaka yangu, kusema kweli, alikuwa mvivu. Nampenda, na alikuwa mvivu. Fundi akieleza, yeye anasinzia. Zainabo alikuwa akimpelekea chakula, anasimama mlangoni na sahani yake mkononi, anasikiliza. Fundi alipoondoka, mashine ilizimika siku ya tatu. Hassane akaipiga nyundo. Mkewe na sahani yake akamwambia kwa adabu kwamba si hapo, afungue kwanza ile koki ya chini. Ikawaka. Tangu siku hiyo jina kwenye karatasi ya chama likawa la Hassane na mikono ikawa ya Zainabo. Kaka yangu alipofariki, mwenyekiti wa chama, Bacar, alikuja na karatasi ile siku ya arobaini, akabadilisha jina bila kuuliza mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Ndani ya banda kuna tangi kubwa la maji ya chumvi, chumvi kali kuliko ya bahari, ndiyo maana hayagandi hata yapoe namna gani. Humo yanatumbukizwa makopo marefu ya bati, arobaini na nane, yamejazwa maji matamu ya kisima. Mashine inapoza maji ya chumvi, nayo yanapoza bati, maji matamu yanaganda. Kusema ni rahisi. Lakini msimu ukiisha mashine hulala miezi mitatu, na kuiamsha si mchezo. Zainabo anamwaga tangi lote, anaingia ndani na makumbi ya nazi na mchanga, anasugua kutu mpaka vidole vinachubuka. Kila kopo analiinua juani aone kama lina tundu, kwa sababu likivuja kidogo tu chumvi inaingia, barafu inakuwa laini, na mashua haifiki nayo hata kisiwani Rongui. Anapima tangi kwa bakuli la maji juu ya ukingo. Maji yakielemea upande mmoja anachomeka kibao chini. Kisha anajaza makopo, anabakiza vidole vinne, maana barafu huvimba. Maji yakianza kushikana anapita na ufito wa mwanzi, kopo moja baada ya jingine, anakoroga katikati ili pasibaki moyo mweupe. Barafu yenye moyo mweupe hupasuka upesi. Ya Zainabo ukiiweka mbele ya macho unamwona mtu aliye upande wa pili, na pua yake, na kama amenuna.

Halafu kuna jambo letu la kata. Barafu ya kwanza ya msimu haiuzwi. Siku ya Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini, watu wote hukusanyika mlangoni pa banda. Imamu anasoma Fatiha, jiwe la kwanza la barafu linavunjwa ndani ya mtungi wa maji, na watu wanakunywa kwa kata moja ya kifuu, mmoja baada ya mwingine. Aliyeipika haanzi, kwa kuwa mtu hajitolei ushahidi mwenyewe. Anaanza mtu wa upande wa mumewe, maana mawifi na wakwe, mnajua wenyewe, hawana sababu ya kumsitiri mke wa mtu. Akinywa huyo, barafu ni safi. Hassane alipokuwa hai alianza yeye. Alipokufa, kata ikaja kwangu. Mvuvi asiyeona kata ikizunguka hapakii barafu kwenye mashua yake, hata umpe bure na umbebee.

Sasa mwaka ule, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, gesi ilikuwa imeshapatikana huko baharini, na kila asubuhi tukiamka tunakuta meli nyingine imeongezeka kule mbali. Helikopta zilipita juu ya vyoo vyetu bila hodi. Walikuja watu wenye madaftari, wakahesabu minazi, wakahesabu nyumba, wakaenda mpaka makaburini wakahesabu na huko. Ukiwauliza mnahesabu ya nini wanacheka vizuri, wanakupa mkono, wanaendelea kuhesabu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, lakini safari hii wageni walikuja na sisi wenyeji tukaanza kuugua wasiwasi. Jirani akinunua mabati, amepata wapi? Fulani kaitwa wilayani, kamtaja nani? Watu waliokula sahani moja miaka ishirini wakaanza kusalimiana kwa kupimana. Mimi nilikuwa wa kwanza, sijifichi. Nilimshuku hata kuku akilia upande usio wake.

Katika hali hiyo akatokea bwana mmoja aitwaye Cândido, mnunuzi wa samaki wa jiko la kambi ya wageni. Alimwambia Bacar waziwazi: samaki wake anawataka wamelala kwenye barafu tangu wanatoka majini. Kama Jumamosi ile mashua hazitatoka na barafu, yeye ataleta ya kwake kwa lori kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa cha Zanzibar, na chama kitafunga banda. Bacar akamletea Zainabo maneno hayo kama yalivyo. Zainabo hana mtoto. Shamba hapa hana. Ana banda lile, basi. Likifungwa atarudi Olumbi kwa kaka zake, mtu mzima wa miaka hamsini, akapangiwe tuta la kulima na wake za kaka zake.

Kwa hiyo aliianza kazi mapema, na alikuwa mkali, hataki mtu amsogelee. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni mlango. Tangu nimjue, Zainabo hajawahi kufunga mlango wa banda akiwa ndani. Anasema mashine inataka hewa. Jumatatu ile nikapita, mlango umefungwa. Na nani namwona anatoka? Gildo.

Gildo ni bwana wa maji wa wilaya, Mmakonde wa kule juu Mueda, Mkristo, mtaratibu, shati ndani ya suruali. Alikuwa anazunguka visimani na vichupa vyake, anachota, anaandika, anaondoka. Mimi Wamakonde ni watani wangu, nawatukana usoni na wao wananirudishia, hakuna chuki. Lakini Jumanne nikamwona tena, anaingia na mfuko, mlango ukafungwa nyuma yake. Nikasema moyoni, ala! Kumbe wifi yangu bado ana damu. Nikamhurumia Hassane kaburini, nikamkasirikia kwa niaba yake. Nikachemsha mihogo upesi upesi, nikaweka kwenye sahani, nikafunika kawa, nikaenda. Mihogo ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuona.

Sikubisha hodi. Nilizunguka nyuma ambako bati limeachana na nguzo, nikatia jicho. Hapakuwa na mapenzi yoyote. Zainabo alikuwa ameinama juu ya ndoo, Gildo amesimama mbali naye hatua nzima, na mkononi mwa Zainabo palikuwa na kopo dogo la plastiki. Akamimina kidogo, kidogo. Unga mweupe. Halafu harufu ikanijia pale kwenye ufa, ikanichoma pua mpaka machozi.

Harufu ile naijua. Ngoja niwaambie, ingawa sipendi kuisema. Mwaka wa kipindupindu walikuja watu na unga kama ule, wakaumimina kisimani petu, wakasema kunyweni sasa, hakuna taabu. Siku ya tatu mwanangu wa mwisho Selemane, miaka sita, aliamka anaharisha alfajiri, na adhuhuri tulikuwa tunamwosha. Mganga wa hospitali alinieleza kwa upole kabisa. Alisema ugonjwa ulikuwa kisimani kabla, na unga ulikuja umechelewa. Kichwa changu kilimsikia. Tumbo langu halijamsikia mpaka leo. Nilikaa siku saba sili kitu cha mtu, hata maji, naona kila mkono umebeba unga. Zainabo ndiye aliyenitoa. Alikuja na uji, anaonja kijiko yeye mbele ya macho yangu, anasubiri, kisha ananipa mimi. Kijiko chake, kijiko changu, mpaka bakuli linaisha. Alifanya hivyo asubuhi na jioni.

Mnaona basi nilivyosimama pale ufani. Nikazunguka mbele nikabisha. Zainabo akafungua, na nilimwona kwa macho yangu akiusukuma mkono wenye kopo ndani ya kanga. Gildo akanisalimia kwa Kireno chake, bom dia mama, akapita zake. Nikauliza harufu gani hii. Zainabo akasema sabuni. Sabuni! Mtu mmoja maisha yake yote hajawahi kunidanganya, na siku aliyonidanganya alinidanganya vibaya hivyo, hata mtoto asingekubali. Nikamwachia mihogo yake, nikaondoka.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Naapa, mmoja. Nilimwambia jirani yangu Wahida tukiwa tunatwanga, tena nilimwambia aifunike. Kumwambia Wahida aifunike ni sawa na kumpa mtu ngoma ukamwambia asipige. Kufika alasiri nilikuwa naletewa habari yangu mwenyewe na watu nisiowajua, na imekua, ina mikono na miguu: kwamba wageni wanaitaka pwani yetu kwa gesi yao, kwamba wanaokataa kuhama watahamishwa kwa ugonjwa wa tumbo, kwamba Zainabo ameahidiwa nyumba ya mabati Pemba, kwamba Mmakonde wa maji ndiye anayegawa unga. Nilisikiliza nikasema, "Loo, kumbe!" Nilijifanya naisikia kwa mara ya kwanza.

Na mjue, sikuona kwamba nimesema uongo. Niliyoyaona niliyaona. Mlango umefungwa, kopo limefichwa, jibu la sabuni. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Ndivyo nilivyojipoza.

Jumatano mtu alitupa mawe juu ya bati la banda. Bacar akaenda kumuuliza Zainabo, na Zainabo, kwa hofu, akakana. Akasema hakuna unga wowote. Saa hiyohiyo wakalikuta kopo tupu kwenye shimo la taka nyuma ya banda. Ah, hapo ikawa imekwisha. Mwanamke mkweli kuliko wote pale pwani akawa mwongo mbele ya mwenyekiti wake, na ukweli wa siku zote ukahesabiwa kuwa ujanja wa siku zote. Gildo alijaribu kueleza sokoni kwamba dawa ile huua wadudu wa maji. Wakamuuliza kama inaua, itajuaje kubagua? Akaona nyuso, akapanda pikipiki yake. Uzuri hakuna aliyemgusa.

Alhamisi baada ya alasiri Zainabo akaja kwangu. Hakuvaa vibaya, hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akavua kandambili akazipanga, akauliza hali ya mguu wangu huu mbovu. Nikasema mguu haujambo. Nilikuwa nimejiandaa kukana. Nilikuwa na maneno matatu tayari mdomoni: mtu mzima kama mimi, nianze wapi, Mungu ni shahidi. Hakunipa nafasi ya kuyatumia.

"Wifi, siulizi nani kasema," akaniambia. "Nimekuja kukueleza tu, kwa kuwa kesho kata ni yako."

Akanieleza. Mwaka jana makopo yaliota ukungu wa kijani wakati mashine imelala, akaukwangua kimyakimya, na msimu mzima alipika kwa hofu. Mwaka huu ukungu ulikuja zaidi. Alimwomba Gildo dawa ya kuoshea makopo, dawa ileile inayotiwa visimani, lakini ya kuoshea tu. Ameosha, amesuuza mara saba kwa maji matamu, amejaza maji mapya ya kisima kile tunachokunywa sote. Barafu imeshaganda, haina moyo mweupe hata mmoja. Nilimsikiliza na nikaamini, kichwani. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinaniwasha.

"Kwa nini basi ulinificha? Mimi, Zainabo. Sabuni?"

Akaangalia mkeka. "Kwa sababu ya Selemane. Nilijua ukinusa utakumbuka. Ndiyo maana nilifunga mlango."

Mlango ule niliouhesabia zinaa na sumu ulikuwa umefungwa kwa ajili yangu mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hapo ndipo ningesema, wifi, nisamehe, ni mimi. Neno lilifika hapa kooni. Likarudi. Nikamwambia asihofu, kesho nitakunywa, tena nitakunywa kata tele. Akanishika mkono, akasema, "Watu wanajua ni wewe uliyeona. Ukinywa wewe watakunywa wote." Akaondoka. Kumbe alijua tangu mwanzo.

Ijumaa walikuja watu ambao hawajawahi kuja. Wengine walikuja kuona tu, wamesimama mbali, kanga zimeziba pua. Cândido naye alikuwepo kwenye gari lake, dirisha limeshushwa nusu. Imamu alisoma Fatiha kwa haraka kuliko kawaida. Zainabo alilitoa jiwe la barafu mwenyewe, akalibeba kifuani juu ya gunia, akaliweka juu ya kigogo, akalipiga pigo moja kwa mchi. Likafunguka safi. Vipande vikaingia mtungini vikilia. Akachota kwa kata, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimekusudia kunywa. Nawaambia haki ya Mungu, nilitoka nyumbani nimekusudia kunywa. Usiku nilikuwa nimejisemesha: huyu ndiye aliyekulisha kijiko kwa kijiko, huyu hana baya, dawa imesuuzwa mara saba, kunywa wewe mwanamke. Nikaipokea kata. Ilikuwa baridi mpaka vidole vikauma. Nikainyanyua, na ilipofika puani, sijui kama palikuwa na harufu. Watu wote baadaye walisema hapakuwa na harufu. Mimi niliisikia. Nilimwona Selemane alivyokuwa adhuhuri ile, macho yamezama, midomo imekauka, na koo langu likajifunga lenyewe, likakataa. Sikuliamuru mimi.

Kifuu ni kipana, kinafunika uso. Siri ya mtungi muulize kata, wahenga hawakukosea. Nilikiinamisha, nikalowesha midomo, na maji yakapita pembeni, yakashuka kidevuni, yakaingia kwenye kanga, kifuani, baridi mpaka nikashtuka. Nikaendelea kuinamisha mpaka yakaisha. Nikaishusha kata tupu, nikajifuta mdomo kwa mkono, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti. Mtu akatania nyuma huko kwamba bi Sumaia ana kiu ya ngamia, anakunywa mpaka anaoga. Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichofungua mambo. Imamu akanywa. Bacar akanywa, akachota tena. Wahida, mwenye mdomo wake, akanywa akawapa wanawe. Kata ikazunguka mpaka mtungi ukaonyesha chini. Cândido akapandisha dirisha akaenda zake, na kabla ya magharibi wavuvi walikuwa wanabeba barafu kwa magunia.

Zainabo alikuwa amesimama mbele yangu wakati wote. Alikuwa karibu kuliko wote. Nilipomrudishia kata aliipokea, macho yake yakaenda kwenye kanga yangu iliyolowa, yakapanda kooni kwangu, yakakaa hapo kidogo. Akasema, "Ahsante, wifi." Akageuka kumchotea imamu.

Jumamosi mashua zilitoka na barafu. Hakuna aliyeumwa tumbo, si mtu mzima, si mtoto. Msimu ulikuwa mzuri. Nguru walikuja kwa wingi, na jiko la kambi likanunua samaki waliolala kwenye barafu ya Zainabo mpaka mwisho, na lori la Pemba halikuja. Ile habari ya unga ikafa kama zinavyokufa habari zetu, hakuna aliyeomba radhi, kila mtu akawa hakuwahi kuiamini. Watu walisema mimi ndiye niliyemwokoa wifi yangu. Bacar aliniletea kichwa cha nguru na kunisifu mbele za watu kwamba Sumaia ana moyo. Nilikipokea, nikakipika. Ningefanyaje?

Nikasema sasa nitamwendea nimwambie yote. Nikapiga mahesabu ya maneno wiki mbili. Kabla sijaenda akaja yeye, jioni, na vipande viwili vya jodari kwenye sinia. Alikuwa mchangamfu, tukaongea, tukacheka habari ya Wahida na simu yake mpya. Nikafurahi. Nikajisema kumbe hakuona, au ameona na amesamehe. Nikamwandalia chai, ya tangawizi, sukari vijiko vitatu kama anavyoipenda tangu alipokuwa bibi harusi katika nyumba hii. Akainyanyua, akaipeleka mdomoni, akaishusha. Tukaendelea kuongea. Akainyanyua tena, akaishusha. Alipoondoka alisema chai nzuri, wifi. Nikachukua kikombe nikioshe, na kilikuwa kimejaa kama nilivyokimimina.

Siku ile nilijiambia labda hakuwa na hamu. Akaja tena siku ya maulidi, nikampa maji, ikawa hivyohivyo. Nikampa uji wakati wa Ramadhani, wakati wa kufuturu, mtu aliyefunga kutwa nzima. Alifungulia tende aliyokuja nayo kwenye pindo la kanga yake. Hakununa. Hajawahi kuninunia. Ananisaidia kuchambua mchele, anauliza mguu, anawabusu wajukuu zangu. Anapeleka tu kikombe mdomoni na kukishusha.

Na mimi kila siku sasa napita bandani. Naomba kipande cha barafu kwenye maji, nasimama mlangoni ambako mwanga uko, nakunywa yote mbele yake, taratibu, nainua kichwa ili koo langu lionekane likienda juu na chini. Wakati mwingine naomba tena. Zainabo anaacha ufito wake, ananitazama mpaka nimalize, kwa upole kabisa.

"Kunywa, wifi," ananiambia. "Kunywa tu."